Neno Lililopigiwa Mstari

Ripoti ya Cheche ilikuja na neno moja la Kiingereza lililopigiwa mstari: "fidgety". Chini yake mwalimu ameandika kwamba Jumatatu mtoto atahamishiwa darasa la wazito wa kuelewa. Mlezi aje Ijumaa kutia saini.

Bibi yake, fundi cherehani, hakulijua neno lile. Alichojua ni kwamba mjukuu wake si mzito hata kidogo.

"Sitii saini nisichokielewa," akasema. Akajitupia mtandio, huyo, mpaka kwa mjalidi wa vitabu, rafiki wa marehemu mumewe. Mzee alikuwa anakula. Akaisogeza sahani, akampangusia kiti kwa mkono wa shati, akashusha kamusi nene.

"Ni mtu asiyetulia, mikono na miguu haikai mahali pamoja," akasoma. "Kama wewe enzi zako, shemeji."

"Hebu soma huko! Limetoka wapi?"

"Kwenye neno la kale la kujitikisatikisa. Wengine wanadhani mzizi wake ni lugha ya watu wa kaskazini ya mbali, na kwao lilikuwa na maana ya kuwa na hamu kubwa. Lakini hawana hakika."

"Hamu," akasema Bibi. "Hiyo naijua."

Aliijua kwa sababu nyumbani Cheche husomewa masomo huku akifumua pindo za nguo kuukuu, na hakuna kinachompita. Mikono ikikaa bure, masikio nayo husafiri.

Ijumaa Bibi aliingia shuleni na Cheche, sketi kuukuu mkobani. Mwalimu, binti mwenye macho ya uchovu, akampisha kwenye kiti chake mwenyewe. Bibi akampa Cheche ile sketi, akamgeukia mwalimu.

"Mwanangu, neno lako nimelifuata mpaka kwenye mzizi. Sasa msomee ukurasa asioujua."

"Huku anashona?"

"Anafumua. Wewe soma tu."

Mwalimu akasoma habari za mawingu. Vidole vya Cheche vikachomoa uzi, miguu ikicheza chini ya meza. Alipoulizwa, akaeleza yote, kisha akadakia, "Na mvua ya mawe je, mwalimu? Umeishia katikati."

Mwalimu akacheka. Akachukua kalamu, akafuta habari ya kuhama. Akataka kulifuta na lile neno.

"Hilo liache," akasema Bibi, "ni lake. Ila Jumatatu atakuja na nguo ya kufumua."

"Asilete," akajibu mwalimu. "Mimi mwenyewe nina gauni limenibana."