Vioo Vitatu Nyuma ya Pazia

Bi Nyundo, mkaguzi wa majengo, alishaingia kwenye majumba mengi, lakini hili la katikati ya mji lilimwacha mdomo wazi. Ghorofa nne za maduka na ofisi, kuta nene kama urefu wa mkono wake, nguzo za chuma zilizochongwa majani, ngazi ya mbao iliyokanyagwa miaka tisini mpaka vipandio vikabonyea katikati. Juu kabisa paa la kioo lilimwaga mwanga hadi sakafuni. Aliangalia juu mpaka shingo ikamuuma. Loo, watu walijenga!

Ila hakuitwa kushangaa. Mwenye jengo alitaka livunjwe, akidai lina ufa na litaua watu. Bi Nyundo akitia saini, Jumatatu tingatinga linaingia. Kwa nje ufa aliuona kweli, umeshuka hadi ghorofa ya pili, kwa fundi cherehani.

Fundi, mama wa makamo aliyeshonea hapo miaka ishirini na sita, alimpokea kwa bashasha iliyozidi kipimo, akamsifia viatu, akamuuliza hali ya watoto asiowajua. Muda wote huo mgongo wake haukubanduka kwenye pazia la maua, ukutani pasipo na dirisha.

"Dada, hapo nyuma umeficha nini?"

Mama wa watu akakiri kwamba kila akija mkaguzi hulishusha pazia, maana ufa ukionekana tu, cherehani yake iko barabarani. Akalivuta mwenyewe, macho kafumba.

Ufa ulikuwepo, kidole kinaingia. Lakini juu yake, kwa madonge ya lipu, vilibandikwa vipande vitatu vyembamba vya kioo, kila kimoja kimevuka ufa upande hadi upande. Mafundi wa zamani walifanya hivyo makusudi: ukuta ukisogea hata kidogo, kioo kinapasuka. Pembeni walichora mwaka kwa msumari. Ilikuwa miaka sabini na moja iliyopita.

Bi Nyundo akapangusa vumbi. Cha kwanza kizima. Cha pili kizima. Na cha tatu.

"Ukuta huu ulipasuka mara moja, ukatulia," alisema polepole. "Haujasogea tangu hujazaliwa."

Fundi alikodoa macho. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akikificha kitu kilekile ambacho kingemtetea. Akacheka, akalia, akampisha mgeni aandikie ripoti kwenye meza ya kukatia. Kisha akalitandaza pazia sakafuni, akachukua mkasi, akaanza kukata gauni.