Mvua ya Herufi

Hivi wewe umewahi kunyimwa neno lililoko kwenye ncha ya kidole chako? Bibi huyu alinyimwa. Kiharusi kilimfunga ulimi, na mwanawe, dereva wa lori, akamhamishia nyumbani kwake, akamwekea kompyuta mezani ili aandike anachotaka kwa kidole kimoja, polepole kama kuku anayedonoa.

Mkwewe, mke wa dereva, hakupenda. Akafungua mipangilio: kompyuta ikikaa dakika moja bila kuguswa, herufi za kijani zidondoke kama mvua, na bila neno la siri isifunguke. Rangi na kasi alizichagua kwa raha zake, kama anayechagua pazia.

"Tazama sinema, mama," akasema. "Bure kabisa!"

Bibi aliandika NATAKA. Akaitafuta K kwa macho mazito, na kabla hajaiona mvua ikaanza. Ikawa hivyo kila siku mkwe alipoifungua.

Mwanawe aliporudi safari alimwinamia. "Mama, hebu niandikie." Herufi zikawa zinashuka tu. "Mke wangu, neno la siri ni lipi?"

"Wee, nimesahau," akajibu, akipaka kucha rangi. "Na mwenyewe anaipenda hiyo. Huikodolea macho kutwa nzima."

"Haya, tumwache ajiburudishe." Akachukua funguo, akatoka.

Bibi akameza mate. Shavu likapinda, ulimi uliolala miezi yote ukanyanyuka. Nje lori lilikuwa limekwisha kunguruma, na chumbani alikuwamo mkwe peke yake.

"Kwangu," bibi akasema. "Nataka kwangu."