Twiga Aliyekula Alama ya Barabarani

Niliota jana, tena si usiku bali saa nane mchana, nikiwa nimejilaza uvunguni mwa lori langu. Lilikuwa limeniharibikia kwenye kona ya mteremko, pale barabara inapokata katikati ya mbuga. Fundi alikuwa ameondoka na pampu kwa lifti, nami nikabaki kumsubiri.

Kabla ya kulala nilifanya kama dereva yeyote. Nilikata matawi yenye majani mabichi nikayatandaza kwenye lami, hatua hamsini nyuma ya gari, ili anayeteremka ajue kuna mwenzake amekwama. Ila kwa uvivu wangu nilikata mgunga, mti unaopendwa na wanyama, kwa kuwa ndio uliokuwa karibu.

Basi naota. Twiga amesimama barabarani, anayala matawi yangu, moja baada ya jingine, wala hana papara.

"Shikamoo," namwamkia, maana kanizidi urefu.

"Hapana, mzee. Mimi nina miaka tisa tu. Shikamoo wewe."

"Marahaba. Lakini kijana, unakula alama ya barabarani."

"Naona," anasema. "Ina vumbi kidogo."

Ananiambia ananifahamu. Mwaka wa sita huu napita hapa, na kila nikimkuta barabarani nazima injini namsubiri avuke. Wengine wanampigia honi. Mmoja alimtukania mama yake.

"Wewe hata siku moja," anasema. "Nikajua huyu ni jamaa yangu."

Nilifurahi, sitaki kuficha. Marafiki ninao, lakini sikumbuki ni nani kati yao amewahi kunishukuru kwa kumsubiri.

Lori likakohoa. "Samahani kuwakatiza," likasema, "lakini sheria ni sheria. Gari bovu linakuwa na majani nyuma yake. Mimi majani sina. Kwa hiyo mimi si bovu."

Likaondoka. Pampu halina, dereva halina, linakwenda zake.

Tukalikimbiza, mimi na twiga. Mara barabara ikaisha, tukajikuta wote watatu juu ya mizani, ile ya kupimia malori. Mizani yenyewe ndiyo iliyokuwa inahoji, kwa sauti ya mtu ambaye hajanywa chai.

"Majani yako wapi?"

"Tumboni mwa huyu," nikajibu.

"Basi tumbo ndilo alama. Likasimame barabarani, hatua hamsini nyuma ya gari. Fanyeni haraka, Mwakalobo anateremka na viazi, na breki zake nazijua."

Mwakalobo ni dereva mwenzangu, mtu wa Tukuyu. Breki zake hata mimi nazijua.

"Nitasimama mimi," nikasema.

Mizani ikanipima. "Huna hata jani moja. Una ugali na maharage."

"Mzee, nimekula mwenyewe, nitasimama mwenyewe," twiga akasema.

"Asipokuona je?"

"Kwa urefu huu?"

"Hapo pana jambo," Mizani ikadakia. "Hiyo shingo ni mzigo uliozidi urefu. Mzigo uliozidi unafungwa kitambaa chekundu. Bila hicho haondoki mtu."

Nilikuwa na changu shingoni, kile ninachofutia jasho. Nikakivua. Twiga akainama mpaka pua yake ikanigusa kifuani, nikamfunga kwenye pembe, mafundo mawili. Niliogopa, na nilimwonea uchungu kuliko nilivyojionea mwenyewe.

"Na akikugonga?"

"Umenisubiri miaka sita, mzee. Leo acha nikusubiri mimi."

Akaenda zake barabarani kwa hatua ndefu. Nikasikia breki zinalia.

Nikaamka, breki bado zinalia. Nilipotoa kichwa uvunguni niliona lori limesimama nyuma yangu, na Mwakalobo anashuka.

"We Chilewa, umerukwa na akili? Unalala uvunguni, tena konani, bila hata jani moja barabarani! Ningekusaga, ndugu yangu. Saa hizi mkeo angekuwa anapigiwa simu."

"Niliweka matawi."

"Uliweka vijiti!"

Akanipeleka kuviona. Vilikuwa vimebaki miiba na mate.

"Mshukuru Mungu kulikuwa na twiga," akasema. "Nikiwa juu kule niliona kitu chekundu kinaning'inia hewani, nikadhani ni taa, nikaanza kukanyaga breki. Kumbe twiga! Kasimama katikati kama ameajiriwa. Nimepiga honi weee, hasogei. Gari lilipotulia ndipo akaondoka."

Akakaa pembeni ya barabara, kachoka kabisa. Nikakaa naye.

"Jifute jasho basi," akasema. "Umelowa."

Nikapeleka mkono shingoni kuchukua kitambaa changu. Hakikuwepo. Nikatazama uvunguni, nikatazama kwenye kabini, nikapapasa mifuko yote miwili.

Nikachukua panga nikaingia porini. Nilikata mafungu mawili. Moja la mti mchungu usioliwa na mnyama, nikalitandaza kwenye lami. La pili la mgunga, nikalikung'uta vizuri, nikaliweka juu ya kichuguu, mbali na barabara.

"Na hilo la nini?" Mwakalobo akauliza.

"La jamaa yangu mmoja," nikamwambia. "Lile la kwanza lilikuwa na vumbi."