Slaidi Iliyokauka

Raymond, msimamizi wa maabara, alipoondoka asubuhi kwenda msibani Mombo, alimwachia Husna sanduku la slaidi, vile vioo vya vipimo, na agizo moja: namba kumi na saba aiache. Ilikuwa ya mama mzazi wa Husna, Mashavu, na katika maabara yao ndogo ya Kilole, Korogwe, mtu hasomi kipimo cha ndugu yake. Husna akaitikia vizuri tu. Kufika saa nne alikuwa amemaliza kumi na sita, na ile moja imebaki peke yake sandukuni inamtazama. Husna si malaika. Akaiweka chini ya hadubini.

Seli za mlango wa kizazi, zikiwa nzima, huwa pana na tulivu, kila moja na kiini chake kidogo katikati, kama nukta ya kalamu. Hizi zilikuwa na viini vikubwa, popote alipoisogeza slaidi. Na viini vikikua hivyo, anayesoma huanza kufikiria saratani.

Miaka miwili alikuwa akimbembeleza mama yake akapimwe kule kwao Handeni. Mashavu alikuwa na jibu lake tayari: amezaa saba, kuna siri gani tena ya kutafutwa huko ndani? Mwezi huu ndiyo akakubali, tena kwa sharti. "Aibu hii nitaibeba mara moja tu, Husna. Usinirudishe tena." Na Mashavu akishasema neno, hata mumewe marehemu hakuwahi kumgeuza.

Husna akampigia Grasiana, nesi wa Handeni aliyechukua kipimo.

"Sista, hii namba kumi na saba uliitia kwenye spiriti saa ile ile?"

"Mdogo wangu, nikwambie ukweli. Chupa ya spiriti ilikuwa chumba cha nje. Natoka na slaidi mkononi, nakutana uso kwa uso na baba mkwe. Nikapiga goti. Si unamjua yule mzee, akianza kukuuliza hali anauliza mpaka ng'ombe."

"Ukashindwa kumwambia subiri?"

"Baba mkwe nimwambie subiri? Ningeishi wapi mimi?"

Husna akamkaripia, akamwambia salamu zitakuja kuua mtu. Lakini moyoni alitamani kumkumbatia. Slaidi ikikauka kabla ya kuingia kwenye spiriti, seli hutanuka na viini hutanuka nazo. Kila mtu wa kazi hii analijua hilo. Basi ni hewa tu. Kabla hajafikiri mara ya pili akampigia mama yake, akamwambia kipimo kimepita, yuko salama.

"Alhamdulillahi," akasema Mashavu. "Basi nimemaliza. Ngoja nikawaambie wenzangu."

Husna akarudi kwenye hadubini anaimba chini chini. Alitaka tu kuandika neno "imekauka" na kufunga kazi. Hapo ndipo akamkumbuka Mwalimu Filemoni wa chuoni, mzee msumbufu asiyependa majibu ya haraka. Mwanafunzi akisema kiini ni kikubwa, yeye huuliza: kikubwa kwa seli gani? Kiini na seli, alikuwa akisema, ni mfuniko na sufuria. Sufuria ikiwa kubwa, mfuniko nao uwe mkubwa, hapo hakuna ugomvi. Ugomvi uko pale sufuria ya uji wa mtoto inapofunikwa kwa mfuniko wa sufuria ya shughuli.

Akaanza kupima kwa ile mistari iliyochorwa ndani ya lenzi. Seli ya kwanza ilikuwa imetanuka, na kiini chake kimetanuka kwa kadiri ile ile. Ya pili vivyo hivyo. Akapima thelathini, zote mfuniko na sufuria yake, na kila moja ilimpa pumzi.

Kisha akafika kwenye kona ya chini. Palikuwa na seli nane zimebanana. Zenyewe zilikuwa ndogo kuliko jirani zao, lakini viini vyake vilikuwa vikubwa kuliko vyote, vimejaa karibu kugusa kingo. Slaidi ni hiyo hiyo, hewa ni hiyo hiyo, baba mkwe ni yule yule. Kukauka hakuchagui seli nane, kukazipunja sufuria huku kukizinenepeshea mfuniko. Akapima tena, akapima mara ya tatu, machozi yakaharibu lenzi ikabidi aifute.

Angeweza kuandika "imekauka, haisomeki." Isingekuwa hata uongo mkubwa. Ila Mashavu asingerudi, na seli zile zisingemngoja. Akaandika alichokiona, akaitenga slaidi iende kwa daktari wa Tanga haraka, maana neno la mwisho ni lake. Huenda ni mwanzo tu, kitu cha kutibika kikaisha. Huenda siyo.

Akapiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Sauti ya Mashavu ilikuwa na furaha ya sikukuu. Akaanza upya, kana kwamba hawajaongea asubuhi: habari za huko, za kazi, za watoto, mvua imefika Korogwe? Husna akajibu zote. Zilipokwisha akaanza yeye: mahindi yanaendeleaje, mguu wa shangazi, yule mbuzi aliyepotea. Alikuwa radhi ziendelee mpaka magharibi.

"Husna," mama akasema. "Salamu zako leo ndefu. Sema."

"Mama, ile niliyokwambia asubuhi nilikosea. Inabidi uje upimwe tena, hospitali kubwa."

Upande wa pili kulisikika wanawake wakicheka uani, wale walioambiwa habari njema.

"Mara ya pili?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Sauti ya Mashavu sasa ilikuwa ya mtu mwingine, ndogo.

"Basi usimtume mtu. Njoo unichukue mwenyewe."