Kadi ya Dishi

Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tangu kaka yangu aoe, mama anamwita mkewe "Fundi", jina nililoitwa mimi humu ndani tangu nilipoanza kufungua redio kwa kisu cha mezani. Mimi ndiye ninayetengeneza televisheni za mtaa mzima. Wifi anatengeneza simu, tena kwenye kibanda cha kukodi. Lakini akikohoa tu, mama anasema, "Mnamsikia Fundi?"

Jumamosi hiyo mama alikuwa aonekane kwenye televisheni, saa kumi alasiri, akieleza kazi yake ya kushona magauni ya harusi. Kipindi kingeonyeshwa mara moja tu, na saa hiyo hiyo yeye angekuwa ukumbini akimvalisha bibi harusi. Kwa hiyo ilibidi kompyuta ya sebuleni imrekodie.

Kompyuta hiyo ina kadi mbili za kunasa matangazo: moja imeungwa kwenye dishi, nyingine kwenye antena ya paani. Stesheni ya mama inapatikana kwa dishi tu. Taabu ni kwamba kompyuta ikiwaka, huzipa kadi majina kwa kufuata iliyoamka kwanza. Leo ya dishi inaitwa sifuri, kesho inaitwa moja, na programu ya kurekodi iliyozoea sifuri inaambulia chenga. Nilishasema nitaishughulikia. Wifi akanitangulia. Aliandika kanuni, mstari mmoja unaoiambia kompyuta: kadi yenye namba hii ya kiwandani iite "dishi" siku zote. Kisha akaiambia programu irekodi kutoka "dishi". Akawasha, ikakubali.

"Mungu akuweke, mwanangu," mama alimwambia. Mimi nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi, kama mtu aliyekuja kuazima chumvi.

Siku yenyewe waliondoka pamoja, wifi amembebea mama mkoba wa sindano na pini. Mkoba huo mimi siruhusiwi hata kuugusa. Roho iliniuma. Nikabaki na kompyuta, na kusema kweli nilikaa kutafuta kosa. Nilisoma namba ya kadi ya kwanza, nikasoma ya pili, nikacheka peke yangu. Namba ilikuwa ile ile! Ndiyo kadi za bei ya chee hizo, kiwanda kimezigonga zote muhuri mmoja. Kanuni ya wifi ilikuwa inabahatisha tu. Nikazima, nikawasha: sawa. Nikazima tena, nikawasha: jina "dishi" limekwenda kwa kadi ya antena, na kioo kimejaa chenga.

Nilifurahi. Sitasema uongo, nilifurahi mpaka masikio yakapata moto. Ilitosha nisiguse kitu, niende zangu dukani, jioni wageni aliowaalika mama waje waone chenga na yule Fundi wao akose pa kuficha uso. Niliinuka, nikavaa viatu.

Lakini atakayekaa mbele ya chenga hizo ni mama. Nikavua viatu. Nikaandika kanuni upya: usitazame namba, tazama tundu ambamo kadi imechomekwa, maana kadi haihami tundu lake. Nikazima na kuwasha mpaka nikachoka, haikukosea tena. Saa kumi mama akatokea kwenye kioo, cherehani mbele yake, akicheka kwa aibu. Nililia kidogo.

Jioni sebule ilijaa majirani. Kipindi kilipokwisha, mama alimkumbatia wifi. "Huyu ndiye Fundi!" Watu wakapiga makofi, mimi nikauma meno. Kaka, kwa majivuno, akamtaka mkewe awaonyeshe wageni huo mstari wake. Wifi akaufungua, akausoma, akaurudia kuusoma. Kisha akageuka.

"Mama, hii si kazi yangu. Yangu ingetuaibisha. Wifi ndiye aliyerekebisha."

Hatimaye! Nikajiweka sawa kwenye kiti. Mama alimshika wifi shavu, machozi yakimlengalenga. "Mnauona moyo wa mtoto huyu? Wangapi wangesema?"

Ndipo akanigeukia. "Na wewe, umeona mwenzio amekosea. Mbona hukumpigia simu ukamwambia?"

Sebule nzima ilinitazama. Jibu nilikuwa nalo, na wifi alilisoma usoni mwangu kabla sijafungua mdomo.

"Simu yangu ilikuwa imezima, mama," akasema haraka.

Mama akamwamini, kama anavyoamini kila neno litokalo kinywani mwa yule.