Mkwe Wangu Hafanyi Kazi

Nilianza kumshuku mkwe wangu Radovan kwa sababu ya kucha zake. Yeye ni fundi wa magari, na hata baada ya karakana ya mjini kufungwa na yeye kubaki bila kazi, vidole vyake viliendelea kuwa na ile grisi isiyotoka kwa sabuni wala kwa petroli. Kisha majira yale ya baridi nikaona kucha zimekuwa nyeupe kama za mwalimu. Alikuwa anamenya viazi vya watoto, nami nikamkazia macho mpaka akaniuliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," nikasema. "Naona umetakata."

"Maji ya moto hayo, Baba."

Maji ya moto yamekuwepo nyumbani kwangu tangu nilipofunga mabomba kwa mikono yangu, nikiwa bado nafanya kazi reli. Hilo halikuwa jibu.

Binti yangu Drahomíra, Draha kwetu sisi wa nyumbani, alikuwa Austria. Kijijini kwetu karibu kila nyumba ina mwanamke anayekwenda huko kutunza wazee wa watu. Basi dogo huwapitia Jumapili mlango kwa mlango. Wiki tatu huko, wiki tatu hapa, wakipokezana zamu wawili wawili kwenye nyumba moja. Sisi akina baba na akina babu tunabaki na watoto. Na kwa kuwa Draha anafanya kazi Austria, serikali ya huko humlipa posho ya watoto wake, Tamara na Šimon, ijapokuwa watoto wenyewe wanalala Slovakia, katika chumba kilichokuwa changu.

Mwaka huo Draha alitoa ahadi. Posho ya mwaka mzima ikiidhinishwa, tungemaliza deni la paa, naye asingepanda tena lile basi. Kufika Pasaka angekuwa amerudi moja kwa moja. Tamara, mwenye miaka tisa, alikuwa ameshalitangazia darasa zima.

Karatasi za posho alizishughulikia Gizela. Zamani alikuwa karani wa halmashauri. Sasa huwajazia wanawake wa kijiji fomu za Kijerumani na kulipwa kwa kazi hiyo. Alikuja kwangu mwanzoni mwa Kwaresima, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Baba yao hana kazi, sivyo?"

"Hana."

"Basi tia sahihi hapa. Mtu mzima wa nyumba hii anathibitisha kwamba Radovan hafanyi kazi yoyote, yuko nyumbani na watoto."

"Kwa nini nitie mimi?"

"Kwa sababu safari hii wameuliza. Mume akiwa na kazi huku, Austria wanasema mlipaji wa kwanza ni nchi yenu, nendeni kwenu kwanza. Mambo yote yanaanza upya. Mzee wangu, we tia tu, chai yangu inapoa nyumbani."

"Nitaisoma kwanza."

"Imeandikwa Kijerumani."

"Nimeona."

Kijerumani nilikisoma shule ya jioni, baada ya zamu za reli, nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Na reli yenyewe ilinifundisha kwamba mtu hatii sahihi kuwa njia ya treni imekazwa vizuri kabla hajakwenda kuitikisa kwa mkono wake. Nilimwambia Gizela aiache karatasi mezani. Akaondoka akinung'unika kwamba wanaume waliosoma ukubwani ndio wanaochelewesha kijiji.

Gizela alikuwa amewafunza wanaume wetu adabu moja ya ajabu. Mume wa mwanamke aliye Austria asionekane na mfuko wa vifaa. Asipande paa la jirani mchana. Hata kutembea, atembee taratibu, kwani huwezi kujua nani anatazama na ataandika nini kwa nani. Ukipita barabara yetu saa nne asubuhi utawaona wanaume wenye nguvu zao wakijikokota kama wametoka hospitali. Wageni hudhani ni ugonjwa.

Radovan naye alijikokota, lakini mpaka kwenye kona ya kanisa tu. Akishampeleka Šimon kwenye shule ya chekechea, aliingia kwenye gari lake akaondoka, akarudi kabla ya chakula cha mchana na nywele zimelowa. Nikimuuliza, alikuwa msituni akitafuta kuni. Kuni sikuziona. Siku moja nilipomkaribia kumpokea mkate nikasikia harufu ya krimu, nzito, yenye maua ndani yake. Mwanamume anayetoka kutafuta kuni hanukii hivyo.

Žofia, jirani yangu, ndiye aliyeichochea shuku yangu. Alikuwa anazoa theluji upande wake wa uzio.

"Mzee Vendelín, mkwe wako amenawiri siku hizi."

"Anakula vizuri."

"Anakula wapi?"

Akacheka, akaendelea kuzoa. Nami nikaingia ndani, nikaikuta ile karatasi mezani imelala kando ya bakuli la sukari, nikaigeuza chini juu. Sikuwa na haja ya kuisoma tena. Kama Radovan ana mwanamke mwingine, basi hayuko nyumbani na watoto. Na kama hayuko nyumbani, jina langu haliendi chini ya maneno hayo. Lakini nikikataa, itabidi nimweleze Draha sababu, na Draha wakati ule alikuwa anamgeuza kitandani ajuza mmoja mwenye kilo tisini na kitu, akifikiria Pasaka.

Alhamisi nilipanda treni. Sisi wastaafu wa reli hatulipi nauli, na kituo cha pili tu ndiko alikokuwa akielekea. Nilikuwa nimeshaona risiti ya petroli ya huko kwenye gari lake. Nilizunguka kijiji kile bila haraka, kola juu, mpaka nikaliona gari jekundu limefichwa nyuma ya ghala la zimamoto. Nyayo kwenye theluji zilikwenda kwenye nyumba yenye geti la kijani. Uani kulikuwa na kamba ya nguo, na kwenye kamba mashuka yamekakamaa kwa baridi. Mashuka mengi mno kwa nyumba ndogo kama ile.

Mwanamume mmoja alikuwa anawalisha bata bukini nyumba ya pili.

"Hapo ni kwa nani?" nikamuuliza.

"Kwa Agneša. Unauza nini?"

"Siuzi kitu. Ana mume?"

"Alikuwa naye. Akamtoroka, au alimfukuza, inategemea unamsikiliza nani." Akanitazama kuanzia viatu. "Umekuja kuposa? Maana umechelewa, kuna wa gari jekundu."

"Anakuja mara nyingi?"

"Kuliko padri."

"Na mwenyewe Agneša yupo?"

"Hao wa Austria, mzee wangu, nani anajua yupi yupo na yupi hayupo. Leo taa inawaka."

Nilifungua geti. Mlango wa mbele haukufungwa kwa ufunguo. Ndani kulikuwa na joto na ile harufu ya krimu, kali kiasi cha kukwama kooni, na kutoka nyuma ya mlango wa mwisho nikasikia maji yakichuruzika na sauti ya Radovan, laini, sauti ambayo sijawahi kuisikia akimsemesha Draha.

"Inua kidogo. Hivyo. Unaumia?"

Nikasukuma mlango.

Ndani ya beseni la kuogea alikaa mzee mkongwe, uchi, amekonda, magoti yametokeza juu ya povu. Radovan alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono ya shati imekunjwa mpaka begani, anamsugua mgongo kwa kitambaa. Juu ya kigoda kulikuwa na kopo la marhamu ya vidonda vya wagonjwa wa kulala, na ile harufu ilitoka humo.

"Funga mlango, baridi inaingia," mzee akaniambia. "Na kama umekuja kuoga, hapa kuna foleni."

Nilifunga mlango, nikiwa upande wa nje. Nilikaa jikoni na kofia mkononi mpaka Radovan alipomaliza kumkausha, kumpaka na kumlaza. Alipokuja hakuketi.

"Ni baba yake Agneša," akasema. "Agneša yuko Austria, anamwosha baba wa mtu. Huku wa kwake hana wa kumwosha. Yeye ananilipa mimi."

"Umefanya kazi hii tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungetia sahihi?"

"Nisingetia."

"Basi."

"Nilidhani una mwanamke."

Akaikunjua mikono ya shati. "Heri ungebaki na dhana hiyo, Baba. Mwanamke hayumo kwenye ile fomu."

"Na Draha? Anajua?"

"Hajui. Na yeye fomu ileile inamtaka sahihi. Asichokijua hawezi kukidanganya."

Nilimweleza nilichokuwa nimekisoma kwenye kijitabu cha ofisi, maana nilikisoma chote. Posho haipotei baba akipata kazi. Nchi yetu inatangulia kulipa, Austria inaongezea kilichopungua, na jumla yake inabaki ileile. Kijiji kizima kinajificha bila sababu.

"Inabaki ileile lini?" akauliza. "Ondrej wa hapa kijijini na mkewe walisema ukweli. Ofisi mbili zikaandikiana barua mwaka na nusu, huku zimeshika posho yote. Pasaka ni mwezi ujao, Baba. Mwezi ujao."

"Kwa hiyo ulitaka mimi ndiye nidanganye."

"Nilitaka usijue."

Kutoka chumbani mzee wa watu akaita kwamba kama tunagombana tupaze sauti, yeye ana sikio moja tu.

Ndani ya treni nilitazama mashamba meupe na sikupata utulivu niliouendea. Mke wa pili hakuwepo, sawa. Lakini Gizela alinijia mimi, si Žofia wala mwalimu, na karatasi akaiweka mbele ya mtu ambaye kijiji kizima kinajua hajawahi kusema uongo wa maandishi. Nani alimtuma? Jina langu lilikuwa safi, na mtu alilitaka kwa usafi wake. Siku tatu zile nilikula mezani pamoja na Radovan bila kumwangalia, naye akajua ninawaza nini, wala hakukanusha.

Jumapili basi lilimshusha Draha getini. Watoto walimning'inia mpaka wakachoka. Baada ya supu ya kabichi Tamara alimpeleka mdogo wake kucheza kwa Žofia, tukabaki watatu. Draha aliivuta ile karatasi, akaona sahihi yake imetengewa nafasi na yangu haipo.

"Baba, hii bado?"

"Sitii."

"Kwa nini?"

"Muulize mumeo."

"Sitaki kumuuliza."

Alilisema bila hasira, na Radovan akainua uso kutoka kwenye sahani.

"Sitaki," akarudia. "Nikirudi kila zamu mikono yako inanukia ile marhamu. Mnadhani siijui? Mimi nampaka nayo mgonjwa wangu asubuhi na jioni, nikilala nainusa kwenye mto. Nilijua kuna mtu unamgeuza mahali. Sikujua nani, sikujua wapi, na sikuuliza. Nilijitahidi nisiulize, Rado, ili nije niweke jina langu hapa nikiwa sijui."

"Ulijua," Radovan akasema.

"Nilishuku. Kushuku si kujua. Kwa kushuku ningeweza kutia sahihi." Akanigeukia. "Sasa wewe umekwenda kuchungulia, Baba. Umekwenda, sivyo? Naona usoni."

"Nimekwenda."

"Na unajua."

"Najua."

"Basi na mimi najua."

Alimtaka Radovan amtajie mgonjwa, malipo na mahali, akachukua kalamu, akakata mstari ule unaosema hafanyi kazi, akaandika juu yake kwa Kijerumani chake cha kusikiliza kwamba baba wa watoto anamtunza mgonjwa kwa malipo, akaandika na jina la kijiji. Nilikuwa na la kusema kuhusu herufi moja aliyoikosea, nikanyamaza. Kisha akanisogezea, nami nikatia sahihi yangu, iliyonyooka kama ninavyoitia siku zote.

Kesho yake Gizela alipoiona aliivaa miwani upya. Akasema Agneša itabidi amwandikishe Radovan rasmi, na kwamba faili sasa litasafiri hadi mji mkuu, kisha Vienna, kisha kurudi, na kwamba wakati huo hakuna anayelipwa na yeyote. "Hongereni," akasema. "Nyumba ya watakatifu." Hakudai malipo yake, na hilo nalo sikulipenda.

Draha alilichukulia kwa utulivu. Alimpigia simu mwenzake wa zamu, akamwambia asitafute mtu mwingine, atarudi. Atakuwa kule Pasaka na, ikibidi, majira yote ya joto. Radovan alitoka akaenda kupasua kuni kweli, mchana kweupe, barabara nzima ikimtazama.

"Nani atamwambia Tamara?" nikauliza.

"Wewe."

"Mimi si mama yake."

"Wewe ndiye uliyetaka kuhakikisha, Baba. Hakikisha na hili."

Nilimwambia Jumanne asubuhi, wakati wa uji, kabla ya shule. Nilimweleza kama ninavyowaeleza watu wazima: kuna nchi mbili, kila moja ina ofisi yake, na baba yake sasa ana kazi, jambo ambalo ni zuri, kwa hiyo ofisi zinapaswa kuulizana nani atangulie, na mpaka zimalize, mama atalazimika kuendelea kwenda. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama amefanya kosa?"

"Hapana."

"Baba je?"

"Hapana, baba yako anafanya kazi ya heshima."

"Sasa nani amefanya kosa?"

"Hakuna, mjukuu wangu. Ni utaratibu tu."

Tamara aliweka kijiko chini. Alinitazama muda mrefu, bila kulia, na nikaona kwamba hakuniamini.