Kisanduku cha Saa Sita

Programu ya kufunga na kufungua maji ya mtaa wetu wa El Alto aliiandika Rufino Choque, kabla askari hawajampiga risasi kwenye kizuizi cha barabara. Sijasahau nani aliwaita askari wale. Ni Don Fortunato Quisbert, mwenyekiti wa ushirika wa maji siku hizo, na mwenyekiti miaka yote iliyofuata.

Programu ya Rufino hutaka amri za kuandikwa kwenye skrini nyeusi. Don Fortunato hakuziweza. Akaniagiza nimtengenezee dirisha la kubofya, nami, niliyejifunza kompyuta kwa vitabu vilivyochanika vya soko la Alhamisi, nikalitengeneza. Dirisha lenyewe halijui kitu. Kila likifunguka huiuliza programu inaweza kufanya nini, na kwa kila jibu huchora kisanduku. Chini huonyesha amri nzima kabla hujabonyeza.

Anayeandika amri herufi kwa herufi, mkono wake unajua unafanya nini. Kisanduku hutiwa tiki na mtu anayetafuna mkate.

Siku ya Watakatifu Wote, saa sita mchana ikikaribia, Don Fortunato aliniita ofisini. Alitaka kukata maji ya Nazaria, mama yake Rufino. Nyumba bado iko kwa jina la mwanawe, na kwa kanuni aliyoipitisha Don mwenyewe, nyumba isiyo na maji huhesabiwa haina mtu, ushirika huichukua. Nazaria alikuwa amesimama mlangoni, unga mikononi.

"Leo, Don Fortunato? Saa sita wafu wanafika. Mwanangu anakuja na kiu yake, nimwekee glasi tupu?"

"Mwekee soda."

"Ulimnyima pumzi, sasa maji. Hilo tumbo lako lina mwisho kweli?"

"Mama, nenda kapike. Na wewe Sabina, mbona umeganda kama nyama ya friji? Fungua dirisha."

"Fungua mwenyewe. Nililijenga, sikuapa kuwa mkono wako."

Akafungua. Chini ya visanduku vya kila siku palikuwa na kimoja nisichowahi kukiona: *Pamoja na marehemu.*

Nikaisogelea skrini. "Don, hicho sikijui. Usikiguse."

Akacheka. Yeye hutia tiki vyote siku zote. Kisanduku kitupu kwake ni mamlaka aliyoachiwa mtu mwingine. Alipokitia tiki, amri ya chini ikaanza kujiandika, ikarefuka, ikaendelea. Majina. Wafu wa mtaa wetu, Rufino wa kwanza. Don hakutazama chini. Kengele ya kanisa ikalia, akabonyeza.

Mabomba yakaguna chini ya sakafu. Bomba la ofisi likakohoa, likakauka. Nje watu wakaanza kupiga kelele, wakiita jina la Nazaria.

Tulikimbia sote hadi nyumbani kwake. Bomba lake lilikuwa likimwaga maji, hakuna aliyeligusa. Mezani, katikati ya mikate yenye nyuso inayookwa kwa ajili ya wafu, glasi aliyoiacha imejaa ilikuwa imebaki nusu, ukingo wake umelowa. Nazaria akavuta kiti, akaketi mkabala nayo.

"Kunywa, baba," akasema. "Kunywa taratibu."

Nyumba yake hakuna aliyethubutu kuigusa tena. Ila kwa Don Fortunato halikutoka hata tone. Mafundi walibadilisha mabomba hadi barabarani, bila mafanikio. Mkewe alichota ndoo kwa Nazaria, na Nazaria alimjazia. Mimi niliisoma programu ya Rufino mstari kwa mstari. Maneno yale hayamo.

Mwaka huu, siku ileile, nilifungua dirisha saa sita. Kisanduku kilikuwepo, kimeshatiwa tiki. Simu ikalia. Alikuwa Don Fortunato.

"Sabina! Maji yamerudi! Yanatoka, baridi, matamu! Umefanya nini, binti?"

Nilikuwa nikisoma amri. Majina yaleyale, Rufino wa kwanza. La mwisho lilikuwa jipya: Fortunato Quisbert.

Nilisikia glasi ikigonga meno yake.

"Kunywa, Don," nikamwambia. "Kunywa taratibu."